Chuma Kitatoka Wapi? Kurekebisha Alama ya Keekee Iliyokosea Mahali kwenye Bastola ya Stenlesi

Fundi ameifunga slaidi ya bastola kwenye jiliwa, ameweka vipande vya shaba kwenye taya ili zisiikwaruze, ameshusha biti ya milimita 3 juu ya alama aliyoichora kwa sindano, na biti imeanza kung'ata. Ndipo anapogundua kwamba kipimo alikichukua kutoka ukingo usio wenyewe. Anainua mkono wa keekee mara moja, lakini chenga mbili ndogo zimekwisha kutoka, na mahali zilipotoka pana kishimo chenye umbo la koni, kinachong'aa kuliko chuma chote kinachokizunguka, upana wake milimita 1, kikiwa milimita 6 mbele ya pale tundu la skrubu ya kilengeo lilipopaswa kuwa.

Slaidi ni kile kipande kirefu cha juu cha bastola kinachorudi nyuma kwa kishindo kila risasi inapofyatuliwa, kikatoa ganda na kuingiza risasi nyingine. Hapo juu, karibu na mwisho wake, ndipo hukaa kilengeo cha nyuma, kile kidude ambacho mtu hutazamia anapolenga. Kazi ya kubadilisha vilengeo hufanywa sana Marekani, ambako bastola ya mtindo wa 1911, iliyobuniwa na John Moses Browning na kupokewa na jeshi la nchi hiyo tarehe 29 Machi 1911, imeendelea kutengenezwa na viwanda vingi kwa zaidi ya karne moja, na wenye nazo hupenda kuzifanyia marekebisho. Huku kwetu kazi ya namna hiyo ni ya mafundi wachache wenye kibali: Tanzania inatawaliwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya ina sheria yake ya silaha na bodi yake ya kutoa leseni. Hata hivyo somo la chuma lililomo ndani ya kishimo kile linamhusu kila fundi aliyewahi kutoboa mfuniko wa pampu, flanji ya kiwanda cha maziwa au mhimili wa mashine na kukosea, kwa sababu stenlesi ni stenlesi.

Kwa nini kishimo kidogo namna hiyo kiwe kazi kubwa? Bastola iliyopakwa rangi nyeusi inaweza kujazwa kitu chochote na kupakwa upya, na doa likafichika. Stenlesi kwa kawaida haipakwi. Uzuri wake ni ule uso wake mtupu, na chochote kitakachowekwa juu yake kitaonekana kwa rangi yake, kwa mng'ao wake, na kwa namna mistari ya msasa inavyopita juu yake.

Tuanze na ukubwa wa jeraha lenyewe. Ncha ya biti ya kawaida ina pembe ya nyuzi 118, na kwa pembe hiyo kina cha koni ni 0.3 ya upana wake. Kishimo chenye upana wa milimita 1 kina kina cha milimita 0.3, yaani unene wa karatasi tatu za kuchapia zikipangwa pamoja. Kama biti ingezama mpaka mabega yake yote yakaingia, upana ungekuwa milimita 3 na kina milimita 0.9. Biti zenye ncha butu zaidi, zile za nyuzi 135 zinazopendelewa kwa vyuma vigumu, huacha kishimo chenye kina cha 0.2 tu ya upana. Hesabu hii ndogo ifanywe kwanza kabla ya mkono kugusa tupa, kwa sababu mtu akipima upana kwa kalipa anajua kina bila kukisia, na kina ndicho kitakachoamua njia ya kufuata.

Jambo la pili la kujua ni kwamba alama ya biti si sawa na alama ya panchi, ingawa kwa macho zinaweza kufanana. Panchi ikigongwa kwa nyundo haiondoi chuma, bali inakisukuma: chini ya alama chuma kinabanwa, na pembeni kinainuka na kufanya ukingo mwembamba unaoweza kuhisiwa kwa ukucha. Chuma chote bado kipo pale, na fundi mvumilivu anaweza kukirudisha sehemu kubwa kwa kugonga ule ukingo kuelekea ndani. Biti inakata. Kile kilichokuwa ndani ya kishimo sasa ni chenga mbili zilizoanguka sakafuni, na hakuna nyundo itakayozirudisha. Kwa hiyo kila njia ya kurekebisha alama ya biti, hata iitwe jina gani, ni jibu la swali moja: chuma cha kujaza pengo hili kitatoka wapi? Kinaweza kuazimwa kwa majirani waliolizunguka pengo. Kinaweza kuletwa kutoka nje, kikiwa kimeyeyushwa au kikiwa kizibo kigumu. Au pengo lisijazwe kabisa, bali uso wote unaolizunguka ushushwe mpaka usawa wa chini yake, au lifunikwe na kitu chenye sababu yake ya kuwa pale. Wengi hukimbilia kuchomelea kabla ya kuzipima njia nyingine, na mara nyingi huo ndio mwanzo wa hasara ya pili iliyo kubwa kuliko ya kwanza.

Kabla ya kujibu swali hilo lazima tujue stenlesi yenyewe ni ipi, maana neno hilo limebeba vyuma vingi vyenye tabia zinazopingana. Kuna uhusiano wa kale kati ya chuma hiki na bunduki. Harry Brearley, mtaalamu wa vyuma wa Sheffield, Uingereza, alikuwa akitafuta chuma cha kutengenezea mitutu isiyoliwa upesi na joto na gesi ya baruti, na mwaka 1913 akapata mchanganyiko wenye kromi asilimia 12.8 na kaboni asilimia 0.24 ambao ulikataa kushika kutu. Ajabu ni kwamba chuma hicho kilipata umaarufu kwanza kwenye visu vya mezani, na silaha ndogo za mkononi zilichelewa sana: bastola ya kwanza ya mzunguko ya stenlesi iliyotoka kiwandani kwa wingi, Model 60 ya Smith & Wesson, ilitoka mwaka 1965.

Sufuria na masinki mengi ya stenlesi ya nyumbani ni ya ile yenye kromi asilimia 18 na nikeli asilimia 8 hivi, ambayo haishikwi vizuri na sumaku. Ndiyo maana sokoni muuzaji humwekea mteja sumaku mezani na kumwambia kwamba stenlesi halisi haishiki. Kwa sufuria yuko karibu na ukweli, lakini kwa bastola kipimo hicho kinapotosha, kwa sababu vyuma viwili vinavyotumika sana kwenye slaidi na kwenye fremu (ile sehemu ya chini yenye mpini), kile cha namba 416 na kile kiitwacho 17-4, vyote hushikwa na sumaku. Vinashikwa kwa sababu ya mpangilio wa chembe zao za ndani, mpangilio uleule unaoviwezesha kuwa vigumu vikitiwa moto, jambo ambalo chuma cha sufuria hakiwezi.

Chuma cha 416 kina kromi asilimia 12 hadi 14 na kimetiwa salfa kwa makusudi, isiyopungua asilimia 0.15. Salfa hiyo huungana na manganisi na kufanya vijitone vidogo ndani ya chuma, na biti inapokata, chenga huvunjika kwenye vijitone hivyo badala ya kutoka ndefu kama utepe. Viwanda vinakipenda kwa sababu hiyo. Chuma cha 17-4 ni kingine kabisa: kina kromi asilimia 15 hadi 17.5, nikeli asilimia 3 hadi 5 na shaba asilimia 3 hadi 5, na ugumu wake hautokani na kaboni bali na chembe za shaba zinazojitenga ndani yake kinapopashwa joto la nyuzi 482 za Selsiasi kwa saa moja na kuachwa kipoe. Ukimwuliza fundi mwenye uzoefu akurekebishie kishimo, swali lake la kwanza lingepaswa kuwa ni chuma gani, na jibu hupatikana kwa mtengenezaji, si kwa macho.

Swali lake la pili liwe kishimo kiko wapi. Kuna mahali ambapo hakuna marekebisho yanayojadiliwa. Kwenye mtutu, kwenye chemba inayoshika risasi, kwenye uso unaoziba nyuma ya ganda, na kwenye meno yanayofunga mtutu na slaidi pamoja, sehemu iliyotobolewa kimakosa hutupwa na kununuliwa nyingine. Risasi ya milimita 9 inaruhusiwa kufikia shinikizo la takriban megapaskali 241, na ile ya .45 ambayo bastola ya 1911 ilibuniwa nayo takriban 145. Chuma kilichovutwa namna hiyo mara maelfu hakisambazi mvuto wake sawasawa pale kilipo na kishimo. Mvuto hujikusanya chini ya kishimo na kuwa mara mbili au zaidi ya ule wa mahali laini, na ncha ikiwa kali ndivyo unavyozidi. Ufa huanzia hapo. Kujaza kishimo kwa lehemu au gundi hakuondoi hali hiyo, kwa kuwa kijazo laini hakibebi mzigo. Kinachofanyika ni kuficha mahali ufa utakapoanzia, na hilo ni baya kuliko kuacha kishimo kikiwa wazi ambapo mtu anaweza kukiangalia.

Mahali pengine pasipoguswa ni karibu na namba ya silaha. Sheria ya Marekani inakataza kufuta, kubadili au kuharibu namba hiyo, ambayo kwenye bastola ya 1911 hukaa kwenye fremu, na mataifa ya ukanda wetu yalikubaliana katika Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kwamba silaha ziwekwe alama za kuzitambulisha. Kishimo kikiwa jirani na namba kiachwe kilivyo. Fundi mwenye nia njema anayepitisha tupa hapo anajitia katika jambo ambalo maelezo yake hayatasikilizwa.

Kishimo chetu kiko juu ya mgongo wa slaidi, mbele kidogo ya kilengeo, kwa hiyo tuna uhuru wa kuchagua, na tutazipitia njia moja moja.

Kugongagonga, yaani kuazima chuma kwa majirani, ndiyo njia inayoonekana rahisi. Fundi huchukua nyundo ndogo na chombo chenye ncha ya mviringo iliyong'arishwa, akagonga polepole kuzunguka kishimo ili chuma kitambae kuelekea katikati. Kwa kishimo cha nusu milimita kwenye chuma laini inawezekana. Kwa chetu haifai, na sababu ni hesabu tu: kila chembe inayoingia kwenye kishimo imeondoka mahali pengine, kwa hiyo mwishowe fundi hupata bonde pana lisilo na kina badala ya kishimo chembamba chenye kina, na uso unaozunguka unakuwa mgumu zaidi kwa kipigo kile na kung'aa tofauti unapopitishwa msasa. Mwanga wa dirishani ukipita pembeni, bonde linaonekana. Mimi naitumia njia hii kufunga kingo za kizibo tu, kama nitakavyoeleza.

Kushusha uso wote ni njia ya uaminifu pale uso unapokuwa bapa na chuma kipo cha kutosha. Milimita 0.3 kwenye ubavu wa slaidi inaweza kuondolewa kwa mashine na isijulikane, ila maandishi na nembo ya kiwanda vikiwa upande huo vitaondoka navyo, na pale slaidi inapoteleza juu ya fremu nafasi haipaswi kuguswa kamwe. Mgongo wa slaidi ya kawaida ya 1911 si bapa bali una mviringo, kwa hiyo huwezi kushusha mahali pamoja bila kuharibu umbo lote.

Na hapa ndipo mgongo unapotoa njia ambayo ningeitazama kabla ya nyingine zote. Kuna pambo la kazi linalofanywa sana kwenye slaidi hizi: sehemu ya juu hukatwa kuwa bapa, kisha huchorwa mistari myembamba sambamba kutoka nyuma hadi mbele, 30 au 40 kwa kila inchi, ili mwanga wa jua usirudi machoni mwa anayelenga. Tuseme mgongo una nusu kipenyo cha milimita 11. Kuukata bapa kwa kina cha milimita 0.4 kunatoa njia yenye upana wa karibu milimita 6, na tayari kishimo cha milimita 0.3 kimekwisha kuondoka chote kabla hata ya mstari wa kwanza kuchorwa. Kilichobaki hakifichi kosa lolote, kwa kuwa kosa halipo tena, na bastola imepata kitu ambacho wengine hulipia. Sharti lake ni mashine nzuri ya kukatia, mkono unaoijua, na vipimo vya unene wa chuma kilichobaki juu ya mfereji wa mtutu vilivyochukuliwa kabla ya kukata.

Njia ya jamaa yake ni kuchagua kilengeo chenye kitako kirefu kinachofika mbele zaidi, kikakalia kishimo. Hakuna chuma kinachoguswa. Fundi wengine huona ni kukwepa, lakini kama kilengeo chenyewe ni kizuri na kinakaa imara, sioni aibu yoyote ndani yake. Kishimo kijazwe mafuta mazito kidogo kabla ya kufunikwa, maana maji ya jasho yakituama humo bila hewa hata stenlesi huliwa.

Sasa kuchomelea. Karakana zetu nyingi zina mashine ya agoni, na fundi akiona kishimo kwenye stenlesi mkono wake huikimbilia. Hatari yake kwanza ni chuma chenyewe. Ile salfa iliyorahisisha kazi ya biti kwenye 416 ndiyo adui wa kuchomelea, kwa sababu inapoyeyuka hufanya tabaka jembamba linalobaki majimaji wakati chuma kinachoizunguka kimekwisha kuganda na kuanza kunywea. Chuma kinavutwa kikiwa hakijashikana, na ufa hutokea hapohapo ungali moto. Waya wa kujazia wenye salfa kama hiyo hautumiki, kwa hiyo fundi hulazimika kuchagua kati ya waya wa 410, unaokaribiana kwa rangi lakini unahitaji kipande kipashwe moto wa nyuzi 200 hadi 300 kwanza ili usipasuke, na waya wa 309, wenye kromi asilimia 23 hivi na nikeli asilimia 13 hivi, ambao hausumbui kuchomelea lakini ni chuma cha jamii nyingine kabisa.

Huo wa 309 nimewahi kuutumia kwenye mfuniko wa pampu niliokuwa nimeutoboa upande usio wake. Niliujaza, nikausaga, nikapitisha msasa wa 320, wa 400 na wa 600, na jioni chini ya taa sikuweza kuona nilipochomelea. Asubuhi jua la chini lilipoingia mlangoni na kupiga mfuniko ule ubavuni, palikuwa na duara la rangi ya maziwa, kubwa kama punje ya mahindi, na ndani yake doa dogo linalong'aa manjano kwa mbali. Duara ni chuma kilichobadilishwa na joto, doa ni chuma cha waya. Msasa haukuweza kuliondoa, kwa sababu halikuwa juu ya chuma bali lilikuwa chuma chenyewe.

Chuma cha 17-4 kinakubali kuchomelewa vizuri zaidi, na kina waya wake kabisa, ule wa 630, unaolingana nacho. Lakini ugumu wake ulitokana na joto lililopimwa kwa makini, na pembeni ya mahali palipochomelewa joto linapita kipimo hicho: zile chembe za shaba hukua kupita kiasi au huyeyuka tena ndani ya chuma, na ugumu hushuka. Kupasha slaidi nzima upya kunaweza kurudisha sehemu yake, kwa gharama ya kuhatarisha vipimo vya mahali inapoteleza kwenye fremu, ambako hata sehemu moja ya mia ya milimita ina maana. Ikiwa lazima kuchomelewa, basi iwe kwa leza, kama wanavyofanya wanaotengeneza kalibu za plastiki: waya wa milimita 0.2 hadi 0.5 huyeyushwa kwa mapigo mafupi chini ya darubini, na joto linabaki kwenye eneo dogo sana hivi kwamba mtu anaweza kushika kipande kwa vidole. Nikiwa na chuma cha 17-4 na karakana ya leza ikawa karibu, hiyo ningeikubali. Kwa 416 hata leza huacha vitundu na nyufa ndogo mara nyingine.

Lehemu ya fedha haifai hapa. Inahitaji nyuzi 600 na kuendelea, joto linalotosha kuharibu ugumu wa vyuma vyote viwili, na rangi yake ni ya manjano. Lehemu laini ya bati na fedha huyeyuka kwenye nyuzi 221 na haiudhuru ugumu wa chuma, lakini ni laini, na baada ya miezi michache hugeuka kijivu huku stenlesi ikibaki nyeupe. Gundi ya epoksi yenye unga wa chuma ni ya mashine za shambani.

Kinachobaki ni kizibo, na hii ndiyo njia ninayoiheshimu zaidi pale mistari ya mgongoni haitakiwi. Humshangaza mwenye bastola, kwa sababu ili kuponya kishimo cha milimita 1 fundi huanza kwa kukifanya kiwe kikubwa. Koni haiwezi kushika kizibo; kunahitajika shimo lenye kuta zilizonyooka na chini bapa, tuseme kipenyo cha milimita 2 na kina cha milimita 2. Kwanza hupimwa kuna nini chini yake, kwa maana ndani ya nyuma ya slaidi hupita mfereji wa pini ya kufyatulia, na kizibo kikichungulia humo kitaikwamisha. Shimo halikatwi kwa biti ya kawaida, ambayo itafuata kishimo cha zamani popote kinakoielekeza, bali kwa kikataji bapa kifupi kilichoshikwa imara, kwa mwendo wa polepole na mafuta. Kikataji kikisuguliwa bila kukata, chuma cha chini hung'aa kama kioo na kuwa kigumu, na sauti ya kazi hubadilika kuwa mlio mwembamba; hapo ni kusimama, kunoa au kubadilisha, na kuanza tena kwa kusukuma kwa uthabiti.

Kizibo hukerezwa kutoka kwenye chuma kilekile: 416 kwa 416, 17-4 kwa 17-4, na ugumu uwe karibu sawa. Kikiwa laini kuliko jirani zake, msasa utakila zaidi na kuacha bonde. Kikiwa kigumu zaidi, kitabaki kama chunjua. Kipenyo chake kizidi shimo kwa sehemu moja ya mia ya milimita. Mafundi wa magari, waliozoea kuweka beringi kwenye friza ili inywee na kuingia kirahisi, wasitegemee ujanja huo hapa: kizibo cha milimita 2 kikipoozwa kwa nyuzi 50 hupungua kwa sehemu moja tu ya elfu ya milimita. Badala yake mdomo wake huchongwa kidogo ili uanze kuingia, na ubavu mmoja hupitishwa tupa mara moja ili pawepo njia ya hewa kutoka. Asiyefanya hivyo hushangaa kuona kizibo kinarudi juu kama kifuniko cha chupa, kwa sababu shimo halina tundu upande wa pili na hewa na mafuta vilivyobanwa chini havina pa kwenda.

Mdomo wa shimo nao hupanuliwa kidogo sana kwa juu, upana wa unywele. Kizibo kikiwa chini na kichwa chake kimebaki nje kwa milimita 0.3, nyundo ndogo hugonga kichwa hicho mpaka kitanuke na kujaza ule upanuzi. Hapa ndipo kugongagonga kunapopata kazi yake halali, kwa kuwa safari hii chuma cha ziada kipo. Kisha tupa, kisha msasa uliofungwa kwenye kipande kigumu kinachofuata mviringo wa mgongo, usiwe mkononi mtupu, maana kidole hubonyea na kufuata kila udhaifu. Mistari yote ielekee upande ulioelekea mistari ya kiwandani. Mstari mmoja uliokatiza huita jicho kuliko kishimo chenyewe kilivyokuwa.

Slaidi ambayo uso wake ni wa kupulizwa, ule mweupe usiong'aa, husaidia sana, kwa sababu chembe za kioo zikipulizwa juu ya eneo lote hupoteza ule uzi mwembamba wa kuungana kati ya kizibo na slaidi. Chembe hizo ziwe mpya. Zikiwa zimewahi kutumika kusafishia chuma cha kawaida, zitapigilia vumbi la chuma hicho ndani ya uso wa stenlesi, na vumbi litashika kutu hata kama stenlesi haishiki. Kosa hilohilo hufanywa na tupa na brashi zilizotumika kwenye vyuma vingine.

Kinachoilinda stenlesi ni utando wa kromi na oksijeni, mwembamba kuliko kitu chochote tunachoweza kukiona, ambao hujijenga wenyewe kwenye hewa mradi uso ni safi. Kwa hiyo hatua ya mwisho ni kuusafisha uso kwa asidi inayoondoa chuma cha kigeni. Asidi ya sitriki, asilimia 4 hadi 10 kwa uzito ndani ya maji, kwa dakika 20 kwenye joto la kati ya nyuzi 21 na 49, inatosha, na ni salama zaidi kwa 416 kuliko asidi ya nitriki, ambayo ikitumika bila uangalifu huweza kuushambulia uso wenye salfa badala ya kuulinda. Kipande kisafishwe mafuta yote kabla, na kisuuzwe kwa maji mengi baada yake.

Halafu slaidi hufungwa kwenye kitambaa cheupe kilicholoweshwa maji safi na kuachwa mpaka kesho yake. Kitambaa kikifunguliwa kikiwa cheupe, kazi imekwisha na kilengeo kinaweza kufungwa, safari hii kipimo kikichukuliwa kutoka ukingo wenyewe. Kikiwa na duara dogo la rangi ya chai pale kizibo kilipo, kuna unga wa nyundo au wa tupa uliobaki kwenye maungio, na slaidi inarudi kwenye msasa na asidi.